Mkono wa Kushoto wa Afua Nyantakyiwaa

Wazee wa ukoo, wafiwa wenzetu, maskauti, majirani, na hata ninyi mliokuja kuona nani kavaa nini, poleni kwa kuketi juani, sasa tunawasomea safari ya mjukuu wetu, nayo si ndefu.

Marehemu alizaliwa hapa Bekwai, siku ya Ijumaa tarehe 12 Machi 1999, mtoto wa pili wa Bi Adwoa Konamah na hayati Bwana Kwaku Ntiamoah, akaja na mkono wa kulia uliokauka kuanzia kiwikoni, maneno yakawa mengi, huyu akisema mama alikula mayai akiwa na mimba, yule akitaja wachawi, na baadhi ya waliosema wameketi hapa leo na nguo zao nyeusi.

Kwa kuwa kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana, bibi yake Nana Birago, ambaye ndiye aliyeyaandika haya, alikuwa akiupiga mkono ule kwa mwiko kila ulipopokea chakula, akimwambia, "We mtoto, unanitukana mimi niliyemzaa mama yako?", naye Afua, wa miaka mitano tu, akajibu, "Basi niwekee chini, Nana, nidonoe kama kuku."

Alianza darasa la kwanza Septemba 2005, akamaliza sekondari ya chini mwaka 2014, na Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba mwaka huo alipita uwanjani akawakuta maskauti wakisalimiana kwa mkono wa kushoto, mkubwa kwa mdogo, bila mtu kupigwa mwiko, akarudi nyumbani mbio akasema, "Nana, nimewapata watu wangu."

Lakini skauti havishwi skafu mpaka ale kiapo, na kiapo huliwa mkono wa kulia ukiwa juu, vidole vitatu vimesimama, na kiongozi wao Mwalimu Amankwatia, mtu mwema ila mwenye shingo ngumu, huyo hapo safu ya pili, alimwambia, "Kiapo ni kulia, binti, kanuni sikuitunga mimi," Afua akamuuliza, "Na salamu ni mkono upi, Mwalimu?", wenzake wakacheka, naye akabaki shingo tupu karibu miaka tisa, akifunga hema kwa mkono mmoja na meno.

Januari 2019 aliajiriwa msaidizi katika chekechea, akawakusanya watoto saba ambao kundi la skauti halikuwataka, wakiwemo kiziwi, asiyeona na mwenye kifafa, akawafundisha mafundo ya kamba, akisema kwamba kundi lisilomsubiri anayechechemea si skauti, ni gwaride tu.

Ndoa hakufunga, wala mtoto hakujaliwa, ingawa mwaka 2021 fundi simu mmoja alituletea viazi vikuu mara nne, na hakuna nyumba inayokula viazi vikuu kiasi hicho, naye tunamwona pale nyuma kavaa nyekundu ya wafiwa wa karibu, tafadhali asogee mbele akae nasi.

Februari 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Kumasi, na Jumapili ya tarehe 30 Julai Mwalimu alifika na skafu ndani ya mfuko wa karatasi, akasema, "Utaapa kwa huohuo wa kushoto, Jumamosi tarehe 12 Agosti, nitalileta kundi zima," Afua akauliza mbona miaka yote hiyo haikuwezekana, Mwalimu akajibu, "Niliogopa kuulizwa na wakubwa."

Jumanne yake ya mwisho alimwambia bibi yake, "Nisipoifikia siku hiyo, msinivike skafu, maiti hali kiapo, na cha huruma sikitaki," na Jumatano tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, siku tatu kabla ya kiapo, akatutoka, ndiyo maana jeneza halina skafu, msimlaumu aliyelipamba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani mliotupikia mchuzi wa mawese, na wale watoto saba waliosimama langoni tangu alfajiri.

Ombi letu ni moja, mtakapopita kutupa pole, mtupe mkono wa kushoto, Nana Birago ataanza na Mwalimu, kisha na hao saba, na anayeona ametukanwa aende nyumbani.

Pumzika kwa amani, Afua, na huko uliko ukinyoosha mkono, asikupige mtu.