Maisha ya Elius Nyagawa, Mtengeneza Tovuti wa Lyamkena

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, Elius Filemoni Nyagawa, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1970 huko Lupembe, wilayani Njombe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Filemoni na Mama Ema.

Alisoma shule ya msingi Lupembe kuanzia 1978 hadi 1984, akamaliza sekondari mjini Njombe mwaka 1988, akawa karani wa kiwanda cha mbao hadi kilipobinafsishwa mwaka 1996 na wafanyakazi wakapunguzwa, ndipo akaenda Dar es Salaam kujifunza kompyuta, na mwaka 2000 akafungua chumba cha kazi Lyamkena, akitengeneza tovuti, kazi ambayo hata sisi ndugu zake tulishindwa kuwaeleza watu ni kazi gani.

Kazi hiyo ilimfundisha kwa kumchosha, maana umeme ulikatika akiwa hajahifadhi kazi ya kutwa nzima, akajifunza kuhifadhi kila mstari, na mteja akisema "rekebisha kidogo tu," alijua wiki imekwisha. Agosti 2003 alimtengenezea Mzee Mansoor, msafirishaji wa Makambako, tovuti ya malori yake, Mzee akataka picha yake ijae kioo kizima cha kompyuta, Elius akakataa kwa kuwa picha kubwa huchelewa kufunguka, wakabishana, akashindwa, na siku ya uzinduzi wageni walimaliza soda wakaaga, picha ikiwa imefunguka baraghashia peke yake. Tangu hapo hakumkabidhi mtu kazi kabla ya kuijaribu kwenye kompyuta mbovu kuliko zote.

Alifunga ndoa na Rebeka tarehe 24 Septemba 1994, wakajaliwa Oktavia na Benno, na Rebeka ndiye aliyevumilia lile neno lake, "nakuja, namalizia," chakula kikipoa mezani.

Neno hilo hilo alimjibu alipomsihi aende hospitali, miguu ilipoanza kuvimba Februari 2004, figo zikishindwa, hata tarehe 2 Aprili Mzee Mansoor akaingia chumbani, akachomoa waya wa kompyuta ukutani, akamwambia, "Elius mwanangu, hasira zako nimezizoea, panda gari," akampeleka hospitali mwenyewe, ila tulikuwa tumechelewa, akafariki tarehe 19 Aprili, akiwa bado anamlaumu Mzee kwa kuzima kabla hajahifadhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lyamkena, wenzake wa kazi, na Mzee Mansoor na watu wake. Wateja, tafadhalini, msimwulize Rebeka namba za siri za tovuti zenu, hakuachiwa hata moja, naye jambo hilo linamuudhi kuliko linavyowaudhi ninyi.

Kaka Elius, tumekukasirikia sana wiki hii, na tunakupenda. Pumzika kwa amani.