Jibu la Mwalimu Tereza

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo ni Mwalimu Tereza Masalu. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Nyampande, Sengerema, mtoto wa kwanza wa Mzee Masalu Ngosha na Mama Rebeka. Aliyemfuata ni Shigela, ndiye anayewasomea haya. Marehemu alimbeba mgongoni, akamfundisha kuhesabu, na makofi juu.

Alisoma hapo hapo kijijini kuanzia 1957 hadi 1964, kisha akapata mafunzo ya ualimu. Januari 1968 alianza kufundisha darasa la kwanza, na mwaka 1979 akahamia hapa Buhongwa. Alikuwa amefunga ndoa mwaka 1971 na Josephat Malimi, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Walijaliwa Obedi na Suzana.

Mwaka 1993 presha ya macho ilimpofusha. Hospitali walisema hakuna la kufanya, basi. Marehemu hakutaka kukaa barazani kupokea shikamoo za kuhurumiwa. Alitaka darasa lake. Josephat akamtengenezea abakasi, fremu ya mbao yenye spoki za baiskeli na shanga: spoki ya mamoja, ya makumi, ya mamia. Abakasi aliifundisha miaka yote hiyo kwa macho; kwa vidole ilibidi aanze upya kama mtoto. Alikosea, akalia, akaitupa uani, kisha akamtuma Suzana akaiokote. Obedi akimuuliza, "Mama, tisa na nane?" alijibu, "Tulia wewe, vidole bado viko njiani." Mwaka haujaisha, alikuwa anajumlisha mamia haraka kuliko sisi wenye macho.

Juni 1995 alikuja ofisa elimu kumpima. Wakati ule serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na jina lake lilikuwa kwenye orodha; akifaulu, anabaki. Akapewa 347 jumlisha 286. Alisogeza shanga zote sawasawa, kisha akafanya kama kawaida yake kabla ya kusoma jibu: akafuta jasho la mikono kwa kitenge. Hapo ndipo Shigela, aliyekuwa amemsindikiza dada yake, kwa kujidai alipoiinua abakasi upande mmoja ili ofisa aone ufundi wa shemeji. Shanga moja ya mamia ikateleza. Shigela aliiona. Akairudisha mezani na kunyamaza, kwa kumwogopa ofisa. Marehemu akapapasa, akasema, "Mia tano thelathini na tatu." Ofisa akafunga faili.

Barua ya kupunguzwa kazi ilifika Septemba. Abakasi hakuigusa tena. Mara nyingi alimuuliza mdogo wake, "Hivi nilikosea wapi, Shigela?" Naye alimjibu, "Achana nayo, dada, imeshapita." Haikupita. Aliacha kutoka nje, akawa anasema kichwa chake kimeshakufa, kimebaki kiwiliwili. Kisukari kilimwandama, kikafuata kiharusi, akafariki Jumatatu tarehe 9 Februari 1998, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, na mdogo wake huyu, aliyekuwa na miaka miwili na nusu ya kumwambia neno moja na hakulisema.

Dada Tereza, ni mia sita thelathini na tatu. Ulipata. Mungu akupumzishe.