Kijia cha Pili katika Moyo wa Dada

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea safari ya dada yetu, mpiga chapa wa ofisi ya ardhi, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Haraka kwa sababu ya vidole vyake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, binti wa kwanza wa mwashi na mkunga, akaanza shule mwaka 1986, na akiwa darasa la tano, amekaa akisubiri zamu yake ya kusoma, moyo wake ulianza kukimbia wenyewe, hata mwenzake wa dawati akaona gauni likitikisika kifuani, kisha ukatulia ghafla kama ulivyoanza. Jioni alinivuta pembeni, akaniambia, "Weka sikio hapa. Kuna mtu mwingine humu ndani." Niliweka, sikusikia kitu, na tangu siku hiyo sikupenda kulala naye chumba kimoja.

Alihitimu uhazili mwaka 1999, akaajiriwa Januari 2001, akafunga ndoa na shemeji yetu seremala tarehe 7 Agosti 2004, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 2021 alianguka kazini, na kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kwamba alizaliwa na kijia cha ziada, chembamba kama uzi, kinachopitisha umeme kabla ya wakati wake, hata mara nyingine ukashuka kwa njia moja, ukapanda kwa nyingine, ukazunguka bila kusimama. Daktari alimpangia tarehe 3 Juni 2022, kijia kichomwe kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja.

Wiki mbili kabla, kitindamimba wake, akisukwa nywele sebuleni, alisema kuna mtu anatembea kifuani mwake. Dada aliinama akasikiliza, uso ukamshuka. Vipimo vilipothibitisha kwamba mtoto naye ana kijia hicho, dada alimwambia daktari, "Nafasi yangu mpe mtoto. Mimi nimeshamzoea."

Binti alitibiwa tarehe 3 Juni, akapona. Dada alipangiwa tarehe 24 ya mwezi huohuo, lakini asubuhi ya tarehe 13 wenzake walisikia kibodi ikikoma katikati ya neno, wakamkuta ameegemea kiti, mkono kifuani, kama anayesikiliza, na alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani waliotufungulia nyumba zao, na wafanyakazi wenzake, walioimalizia ile barua aliyokuwa akiichapa. Sisi ndugu wa damu tulitakiwa kupimwa, mimi nilipimwa jana, na karatasi yangu ya kipimo cha moyo inafanana na ya dada.

Dada, pumzika salama. Mtoto tunaye.