Shamba Lililopaliliwa kwa Togwa

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Asifiwe na mliowahi viti vya mbele, asifiwe na ninyi mnaoingia sasa mkitafuta pa kukaa. Mimi ni Scholastika, Mama Otmari, natoka kijiji cha nje kidogo ya barabara ya Peramiho. Mimi si mhubiri. Nimeombwa niseme jinsi Mungu alivyonitoa mikononi mwa watu waliotaka kuninyang'anya shamba, nami nitasema. Mwenye haraka anivumilie, maana nikianza huwa sikatiki.

Mume wangu alifariki miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mambo yakaanza kubadilika. Zamani mahindi yetu yalikuwa ya ushirika. Halafu ghafla malori ya watu binafsi yakawa yanaingia hadi vijijini kutafuta mahindi, na shamba ambalo jana hakuna aliyelitazama, leo kila mtu analitazama. Langu lilitazamwa na shemeji yangu Kassiani, mdogo wa marehemu. Ni shamba zuri, linaanzia mlangoni kwangu na kushuka mpaka kwenye kijito. Kassiani hakuwa mtu mbaya wa kupiga wala kutukana. Alikuwa mtu wa kusema kwa upole, "Shemeji, mimi nakuonea huruma tu, kazi hii huiwezi." Ndugu zangu, mwogopeni mtu anayewaonea huruma huku anahesabu matuta yenu!

Sasa niwaeleze desturi yetu, kwa wale ambao si Wangoni. Kwetu mtu akitaka palizi ya watu wengi anapika pombe, anaalika. Watu wanakuja na majembe yao, wanapalilia, wanakunywa. Ukishakunywa chungu cha mtu pembeni ya shamba lake, umejifunga. Huondoki mpaka umegusa jembe. Na kazi iliyofanywa kwa chungu chako inahesabiwa kuwa umeifanya wewe mwenyewe kwa mikono yako, hata kama ulikuwa umekaa jikoni.

Mimi pombe nilikuwa nimeiacha. Marehemu alikufa akitoka kilabuni, alianguka njiani kwenye mvua, na matanga yalipokwisha nilimwambia Mungu kwamba pombe haitapikwa tena kwenye nyumba ile. Sikumlaumu anayepika, kila mtu na nyumba yake. Yangu nilikuwa nimeshaisemea. Basi wakanipa jina la Mlokole, wakacheka, nikacheka nao, nikalima mwenyewe.

Lakini mwaka huo, mahindi yakiwa magotini, niliteleza nikitoka kijitoni na ndoo. Mkono wa kulia ukavunjika. Hospitali ya misheni wakanifunga hogo la plasta kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Watoto wangu walikuwa wadogo. Mvua haikungoja nipone, majani yakapanda, mahindi yakaanza kuwa ya njano. Nikaalika watu kwa chakula, hakuna aliyekuja. Nani anakuja kupalilia kwa ugali na maharage, ambavyo hata kwake vipo?

Ndipo Kassiani akaenda kwa Baba Mkubwa, mkuu wa ukoo wetu, kaka wa marehemu baba mkwe. Wakakaa na wazee, wakaamua. Jumapili baada ya ibada wazee watapita shambani kwangu. Wakilikuta lina majani, linakwenda kwa Kassiani, na mimi na watoto tutarudi kwetu au tutakaa chini yake. Nililia, ndugu zangu. Sitaki kujifanya shujaa hapa. Nililia mpaka mwanangu Otmari akaniuliza kama mkono unauma.

Wiki hiyo hiyo katekista wetu, Mzee Ngonyani, alitangaza kwamba Jumamosi kikundi cha sala cha mjini kitakuja kufanya misheni kigangoni, kwenye kanisa letu dogo la kijiji. Watahubiri, wataimba, wataombea wagonjwa. Na kwa kuwa nyumba yangu iko karibu na kigango, aliniomba niandae kinywaji cha wageni. Nikasema nitakoroga togwa, ule uji mtamu wa kimea usiolevya. Kimea cha ulezi nilikuwa nacho.

Jirani yangu Mama Plasida alikuja kunisaidia kukoroga ule uji, kwa sababu ya mkono. Alipoona vyungu vimejaa akaninong'oneza, "Mama Otmari, usiwe mjinga. Iache hii ichachuke vizuri, itakuwa pombe yenyewe. Uite watu wapalilie. Mungu anaiona hali yako."

Ndugu zangu, alisema kwa kunipenda. Na mimi nilisimama pale nikaviangalia vile vyungu kwa muda mrefu. Shamba langu lote lilikuwa mle ndani, likingoja tu nifumbe macho. Nikamwambia, "Plasida, Mungu anaiona hali yangu, na neno langu analikumbuka pia. Hii ni togwa ya wageni." Akatikisa kichwa akaenda zake.

Jumamosi ikafika. Kassiani naye, sijui kwa makusudi au vipi, alikuwa ameita palizi kwake siku hiyo hiyo, na pombe alipika ya kutosha. Kijiji kizima kikahamia huko. Wageni wakaja na pikapu, nguo nyeupe, ngoma na gitaa. Wakaingia kigangoni, wakaimba wimbo wa kwanza, wakaimba wa pili. Waliokuwa ndani ni katekista, mimi, na bibi zetu wachache wasioweza tena kwenda mbali. Mzee Ngonyani aliona aibu mpaka nikamhurumia. Mwisho akasema, "Basi twendeni kwa Mama Otmari mkapooze makoo, labda watu watafika."

Kiongozi wao alikuwa Mama Komba, mwanamke mnene wa Lizaboni, kule mjini, anayeuza mitumba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Vyungu vilikuwa nje, kwenye ukingo wa shamba, maana ndani hapakutosha. Akapokea bakuli, akanywa, akafuta mdomo. Halafu akaliangalia shamba. Akaniangalia mkono. Akaliangalia tena shamba.

"Mama, hii togwa ni ya palizi?"

"Hapana, ni yenu. Mmetoka mbali."

"Lakini nimeinywea shambani."

Nikamwambia hapana, asiwe na wasiwasi, ni vile tu ndani padogo. Akaweka bakuli chini. "Mimi ni Mngoni wa mjini, lakini ni Mngoni. Nimekunywa chungu pembeni ya shamba lenye majani. Nikiondoka hivi hivi, marehemu mama yangu atanijia usingizini. Jembe liko wapi?"

Kaka mmoja wa gitaa, viatu vyake vinameta, akasema, "Dada, sisi tumekuja kuhubiri."

"Utamhubiri nani? Madawati?" Mama Komba akamjibu, huku anafunga khanga juu ya gauni lake jeupe.

Majembe ya kijiji yalikuwa kwa Kassiani. Mzee Ngonyani akazunguka kwa wale bibi, akarudi na majembe yaliyokwisha makali, mengine hayana hata mpini wa maana. Waliokosa wakang'oa majani kwa mikono. Yule wa gitaa alivua viatu, akakunja suruali, na nawaambia ukweli, hakuna aliyempita kwa kasi. Ngoma ikawekwa kwenye tuta, wakaimba nyimbo zile zile walizoandaa kwa ajili ya kanisa. Mimi nilikuwa nazunguka na bakuli, machozi yananitoka, siwezi hata kuyafuta.

Sauti ilishuka bondeni mpaka kwa Kassiani. Watu wakaanza kuja kuangalia. Kwanza wanawake, wamesimama kwa mbali mikono kiunoni. Mama Plasida akashindwa kuvumilia, akaomba togwa, akaingia tutani. Wakamfuata wengine, na majembe yao makali waliyokuwa nayo. Kwa Kassiani vikabaki vyungu tu.

Ndipo akaja Kassiani mwenyewe, na Baba Mkubwa mbele yake, amevaa koti lake la sherehe, amechangamka kidogo kwa pombe. Ngoma ikanyamaza. Kassiani akasema kwa upole wake ule, "Baba Mkubwa, hawa si watu wa hapa. Na hiki si chungu, ni togwa, kinywaji cha watoto. Palizi hii haina mwenyewe. Kesho tuhesabu kwamba shemeji hakulima."

Nikaona shamba limekwenda. Maana alikuwa na hoja, ndugu zangu! Tangu tuzaliwe hatujaona palizi ya togwa. Baba Mkubwa akasogea mbele. Alivitazama vyungu, akatazama matuta yaliyosafishwa na kipande kilichobaki kule chini kijitoni. Halafu akanyoosha mkono kwangu.

"Nipe na mimi."

Nikachota. Nikampa kwa mkono wa kushoto, nikapiga goti nikamwomba radhi kwa hilo, maana wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Akanywa taratibu mpaka bakuli likaisha. Akavua koti, akampa Kassiani ashike. Akachukua jembe mikononi mwa Mama Komba, akashuka mpaka kwenye kile kipande, akapalilia tuta moja toka mwanzo mpaka mwisho, mzee yule, bila kuinua mgongo.

Alipomaliza akasema, "Nimekunywa, nimelima. Shamba la Mama Otmari limelimwa. Kesho wazee wasisumbuke, mimi nimeshakagua."

Na Kassiani alibaki pale ameshika koti.

Misheni ilifanyika pale pale shambani. Mama Komba alihubiri akiwa na matope mpaka magotini, na watu waliomsikiliza wasingeenea kigangoni hata tungeondoa ukuta. Sikumbuki maneno yake yote. Nakumbuka alisema Mungu hakosi njia, tunaokosa njia ni sisi. Wagonjwa wakaombewa. Mimi mkono wangu haukupona siku hiyo, ulipona kwa plasta yake na kwa wakati wake, namshukuru Mungu kwa yote mawili. Mahindi yakarudi kuwa ya kijani. Kassiani alikaa muda bila kunisalimia, halafu akanisalimia. Shamba ninalilima mpaka leo, na Otmari ameoa akajenga upande wa juu.

Ndugu zangu, humu ndani yupo mama ambaye ameambiwa hawezi. Yupo mjane anayelala na hofu ya wakwe. Umeahidi kitu mbele za Mungu na sasa ahadi hiyo inakugharimu, na watu wenye mapenzi mema wanakushauri ufumbe macho kidogo tu. Usifumbe. Toa hicho ulicho nacho, hata kama watu wanakiita cha watoto, na umwachie Yeye palizi. Mimi nilimwachia, hakuniaibisha.

Niliponyanyua mkono tena, nilimfuata Mama Komba, nikajiunga na kikundi. Ndiyo sababu leo mnaniona nimekuja nao kwenu hapa. Ibada itaendelea, na sala zitakuwepo, msiwe na wasiwasi. Lakini majembe yetu tumeyaacha kwenye gari, na jua bado liko juu. Mama mjane wa kijiji hiki, usione haya, nyoosha mkono tukuone. Tunaanza na shamba la nani?