Bi. Tupokigwe na Diski Iliyolala Nkunga

Na Meshaki Mwasulama, Idara ya Useremala

Tarehe 30 Juni 2010, Bi. Tupokigwe Mwaisumo atafunga droo ya meza yake na kustaafu, baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi Itekele kwa miaka thelathini na miwili. Alikuja akiwa mpiga chapa mwenye sketi iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Anaondoka akiwa Katibu Muhtasi Mkuu, na mkunjo wa sketi bado unaweza kukata mkate. Wakuu wa chuo wanne wamepita mbele ya meza yake. Kila mmoja alidhani anamwongoza, naye kwa adabu zake aliwaacha waendelee kudhani hivyo.

Wenye umri wanakumbuka miaka ya themanini, karatasi zilipokuwa adimu kuliko sukari. Mitihani ilichapwa nyuma ya mitihani ya mwaka uliopita, na utepe wa taipureta uligeuzwa na kugeuzwa mpaka herufi zikawa kama moshi. Kisha likaja soko huria. Maduka ya Tukuyu yakajaa kila kitu, na chuo kikaishiwa kila kitu. Ruzuku ilikatwa, tukaambiwa tujitegemee, na baadhi ya wenzetu wakaenda kuuza mitumba, wala hatuwalaumu, maana tumbo halina likizo. Bi. Tupokigwe aliitwa na kampuni moja Mbeya, yenye ofisi ya vioo. Alikwenda kuitazama, akarudi, akaketi, akaendelea na barua aliyokuwa ameiacha katikati.

Tangu enzi za taipureta alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha. Kila hati yenye maana aliipiga kwa karatasi ya kaboni, na nakala ya pili haikulala ofisini. Iliondoka naye jioni ndani ya kikapu, pamoja na vitunguu. Mkuu wetu wa sasa, Mwalimu Amoni, alipofika alimuuliza kama anaandika historia ya chuo kisirisiri. Akajibiwa kwamba kule alikoolewa, Nkunga, hakuna mwanamke mwenye akili anayeweka mbegu zake zote nyumba moja. Nusu unampa jirani akutunzie, nawe unamtunzia zake, ili moto ukipita kwako msimu usipite. Mwalimu Amoni alicheka, na kikapu kikaendelea na safari zake.

Mwaka 2005 marafiki wa chuo walituletea laptop. Wiki ya kwanza Bi. Tupokigwe aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuitazama kwa mbali, kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Wiki ya pili aliifungua. Kabla mwaka haujaisha alama zote za wanafunzi zilikuwa humo ndani, na walimu, kwa furaha ya kupunguziwa mzigo, tukaacha kutunza makaratasi. Yeye hakufurahi sana. Alikwenda dukani kwa Bi. Nusrat, yule mwenye kompyuta pale karibu na soko, akauliza chombo hiki kipya kaboni yake ni ipi. Bi. Nusrat akamwonyesha diski ya nje, kidude cha ukubwa wa Agano Jipya la mfukoni chenye waya wake. Chuo kikanunua mbili.

Hapo ndipo ilipoanza ibada ya Ijumaa. Baada ya chai ya mchana, diski moja ilichomekwa kwenye laptop, mafaili yakaanza kunakiliwa, na ofisi nzima ikanyamaza kama kuna mtoto mchanga amelala. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia na mwavuli unaodondosha maji. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa waya mpaka kitaa cha diski kiache kupepesa. Ole wake mwalimu aliyechomoa kwa pupa ili achaji simu! Jumamosi diski ile ilisafiri, na ile ya wiki iliyopita ikarudi. Moja inakwenda, moja inakuja.

Ilikuwa inakwenda Nkunga, kwa baba mkwe wake, Mzee Ambilikile. Nyumbani kwa Bi. Tupokigwe mwenyewe, Makandana, kulikuwa na wajukuu wenye vidole vyepesi, lakini kwa mzee yule hata mbuzi walipiga hodi. Tatizo lilikuwa moja. Ukoo wa Mzee Ambilikile umeshika mila ya zamani: mke wa mwana, mkamwana, hamtazami baba mkwe usoni, hazungumzi naye, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mkamwana anaingia migombani mpaka mkwe apite. Wachungaji wamelisema hilo miaka mingi, na wengi wamelegeza. Mzee Ambilikile aliwasikiliza wachungaji kwa heshima, akawapa ndizi, akaendelea na mila yake. Kwa hiyo diski ilipokewa jikoni na mama mkwe, Bi. Elina, ambaye alimfikishia mumewe.

Bi. Elina alifariki mwaka 2006. Bwana Yohane, mume wa Bi. Tupokigwe, alikuwa ametangulia zamani, na shemeji zake wako Dar es Salaam. Wakabaki mkwe na mkamwana, na diski katikati yao. Wakavumbua njia. Bi. Tupokigwe alifika, akaiweka diski juu ya jiwe mbele ya nyumba, akakohoa, akajificha nyuma ya migomba. Mzee alitoka, akaichukua, akaweka ile nyingine, akakohoa, akaingia ndani. Kwa miaka miwili teknolojia ya kisasa ya chuo hiki ilitunzwa kwa kikohozi, na haikupotea hata mara moja.

Machi 2008, Ijumaa, mvua ya Tukuyu ilifanya kazi yake. Nakala ilikuwa inaendelea radi ilipopiga nguzo ya umeme nyuma ya karakana. Soketi ilitoa moshi. Laptop ikafa, na diski iliyokuwa imechomekwa ikafa nayo. Wiki iliyofuata tulitakiwa kupeleka Mbeya alama za kazi za vitendo za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kazi ya miaka miwili. Bila alama hakuna cheti, na bila cheti wangerudia mwaka. Hellen wa ushonaji alikuwa ameahidiwa kazi Mbeya mara tu atakapokuwa na cheti, na alikuwa na mtoto mgongoni anayesubiri mshahara huo. Alisimama mlangoni kwa Bi. Tupokigwe akiitazama laptop iliyokufa. Tumaini lote lilikuwa ile diski ya Nkunga.

Jumamosi asubuhi Bi. Tupokigwe alipanda kwenda Nkunga. Alisimama penye jiwe, akakohoa, akaingia migombani. Kimya. Akakohoa tena, kwa nguvu. Kuku walitoka, mzee hakutoka. Moshi haukuonekana jikoni, na mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Majirani walikuwa msibani Ikuti. Alitusimulia baadaye kwamba mguu wake ulikataa kuvuka kizingiti. Miaka thelathini ya heshima ilikuwa imeufundisha hivyo. Angeweza kukimbilia Ikuti kutafuta wanaume waingie kwa niaba yake, na hakuna Mnyakyusa ambaye angemlaumu.

Akaingia. Mzee alikuwa sakafuni kando ya kitanda, amelowa jasho, homa inamchoma, na hawezi kusimama. Alipoona ni nani aliyeingia, alijitahidi kujifunika uso kwa blanketi. Bi. Tupokigwe hakumwacha. Alimwinua, akamnywesha maji, akambeba mgongoni mpaka barabarani, mzee ameficha uso wake kwenye kanga ya mkamwana wake. Gari la majani ya chai likawafikisha hospitali. Waliompokea walisema angechelewa mpaka jioni wangekuwa wanazungumza mengine. Sisi tunaomjua tunasema waziwazi: hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyofanya, na halimo kwenye faili lake la utumishi.

Mwalimu Amoni alimpigia simu akiuliza diski iko wapi. Bi. Tupokigwe, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kumjibu mkuu bila kuanza na shikamoo, alisema, "Mzee yuko wodini. Diski itasubiri," akakata simu. Ukweli ni kwamba aliisahau kabisa. Na hata angeikumbuka asingejua ilipo, maana mahali pa kuitunza palikuwa siri ya mzee, na mzee hakuwa akizungumza naye.

Jumapili, baada ya ibada, homa ilikuwa imeshuka. Bi. Tupokigwe alikuwa ameketi kando ya kitanda akiwa amempa mgongo, kwa adabu, uji mkononi. Nyuma yake sauti ikasema, "Mwanangu, geuka. Umenibeba, sasa utaogopa kunitazama?" Akageuka. Akapokea shukrani, "Ndaga, ndaga fijo," mpaka uji ukapoa. Kisha mzee akamwambia kile kimbegu chake kiko salama, kwenye chungu cha maharage. "Nimekitia majivu ya kutosha. Fukusi hatakigusa."

Hapa inabidi tueleze. Bi. Elina, siku alipopewa diski ya kwanza, aliambiwa kwamba hii ni mbegu ya chuo. Akamfikishia mumewe maneno hayo hayo. Mzee hakuuliza zaidi. Mbegu ni mbegu. Kwa miaka mitatu kila diski iliyofika ilizikwa katikati ya mbegu za maharage, ndani ya majivu laini ya jikoni, chungu kikafunikwa na kupandishwa darini juu ya moto, mahali ambapo unyevu wa Rungwe haufiki. Bi. Tupokigwe alikuwa akiona majivu kwenye mfuko wa nailoni wa diski akidhani ni vumbi la jikoni tu.

Jumatatu tulikwenda kuitoa. Mfuko ulikuwa umetoboka, na tundu la waya lilikuwa limejaa majivu. Bi. Nusrat aliposikia ilikolala alishika kichwa. Bi. Tupokigwe aliomba unyoya wa kuku, akakaa nao pale kaunta, akasafisha taratibu, chembe kwa chembe, Hellen amesimama pembeni akimbembeleza mtoto asilie. Wakachomeka. Kitaa hakikuwaka. Wakasafisha tena. Kikawaka, kikapepesa, na majina ya mafaili yakaanza kujipanga kwenye kioo. Hellen akalia badala ya mtoto. Ilikosekana kazi ya wiki moja tu, ambayo walimu tuliisahihisha upya kwa moyo mkunjufu ambao haukuwa kawaida yetu. Alama zilifika Mbeya kwa wakati, na wanafunzi wote wakapata walichostahili.

Tusimpambe mno, msomaji asije akakataa kutuamini. Bi. Tupokigwe ni mkali kwa kalamu zake. Ukiazima moja, anakufuata kuidai mpaka chooni. Hajawahi kukubali kwamba chai ya flaski yake ina sukari nyingi. Amewahi kuirudisha barua ya Mwalimu Amoni mara tatu kwa ajili ya alama ya mkato, na mara zote tatu alikuwa sahihi. Lakini hakuna mfanyakazi hapa aliyefiwa, aliyezaa au aliyekwama ambaye hakumkuta Bi. Tupokigwe mlangoni kwake na kikapu.

Bodi ilimwomba abaki kwa mkataba wa mwaka mmoja. Amekataa kwa upole. Mzee Ambilikile hana nguvu tena za kulima, na mkamwana wake anahamia Nkunga kumtunza. Ofisi anaiacha mikononi mwa Bi. Doreen, ambaye amekwisha kufundwa, na ambaye naye Ijumaa haturuhusu tuingie na miavuli.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi, waliopo na waliokwisha kwenda na vyeti vyao, tunasema asante, dada yetu. Umetutunzia kilicho chetu kuliko tulivyojua kukitunza wenyewe, na tutakukosa kweli. Katika hafla ya Jumatano tulipanga zawadi ikabidhiwe na mwenyekiti wa bodi. Mzee Ambilikile ametuma ujumbe kwamba atakuja kwa miguu yake, atakaa mstari wa mbele, na zawadi ataikabidhi yeye, mkono kwa mkono, mbele ya watu. Mwenyekiti amempisha. Tunawatakia uhai mrefu na siku za amani, wewe na baba yako.