Bi Subiri na Dawa ya Siku ya Ukaguzi

Ndugu, majirani, na nyote mliofanya kazi na marehemu, familia inawashukuru kwa kufika. Inamshukuru pia mwakilishi wa Mamlaka inayosimamia nyumba za matunzo ya watu wazima na wagonjwa wa akili, ambaye ametuarifu kwamba atakuwepo. Kiti chake kiko mstari wa mbele. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake marehemu. Wajomba wawili walishauri upunguzwe makali, na familia imewasikiliza kwa heshima na kuuacha ulivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mshonaji. Mama alikuwa akisema mtoto huyu aliongea kabla hajatembea, na tangu hapo hakuna mwingine aliyepata nafasi ya kusema ndani ya nyumba ile. Ukimtuma neno, alilifikisha lilivyo. Siku moja Baba alimtuma kwa jirani kudai nyundo yake, naye akapeleka ujumbe pamoja na matusi yake yote, kwa sauti ya Baba ile ile, mikono kiunoni. Nyundo ilirudi jioni hiyo hiyo. Salamu za jirani zilichukua muda zaidi.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1976. Hesabu zilimshinda kabisa na hakuwahi kuona haya kulisema. Alichukua kozi ya ukarani na simu, akaibuka wa kwanza darasani.

Mwaka 1978 aliajiriwa kama opereta wa simu katika wizara ya afya na ustawi wa jamii. Ndiyo, wizara ile ile ambayo Mamlaka iko chini yake. Chumba cha swichibodi kilikuwa ghorofa ya chini, hakina dirisha, kina feni moja iliyolia kuliko ilivyopuliza. Humo ndimo alimopatia jina la Bi Subiri, kwa ile "Subiri kidogo, nakuunganisha" yake iliyojulikana ofisi zote. Aliwahi kupewa onyo kwa kumjibu mwananchi mmoja aliyekuwa akipigwa danadana: "Bosi yupo, ila hataki kuongea na wewe. Nikuunganishe hivyo hivyo?" Akamuunganisha. Aliamini kwamba mtu akipiga simu serikalini, lazima upande wa pili awepo mtu. Alifanya kazi hiyo mpaka mitambo ilipobadilishwa mwaka 2004.

Alifunga ndoa mwaka 1984 na fundi wa redio. Alipoulizwa mbele ya watu kama anamkubali mwanamume huyu, alijibu kwa mazoea, "Subiri kidogo." Ukumbi mzima uliangua kicheko, na shemeji yetu, mtu wa utani, aliendelea kusema mpaka mwisho wa maisha yake kwamba yeye bado yuko kwenye laini. Walijaliwa binti na mwana. Shemeji alifariki mwaka 2009.

Baada ya msiba huo marehemu alianza kupokea simu ambazo hazikuita. Daktari alisema ni skizofrenia, na familia inalitaja jina hilo hapa bila kunong'ona, kwa sababu yeye mwenyewe hakunong'ona. Wageni aliwaambia, "Nina skizofrenia na kisukari. Ukiniletea keki, kitakachokasirika ni kisukari." Alikunywa kidonge chake kila jioni. Sauti zilipungua, na zile chache zilizobaki alizijibu kwa adabu na kuzikatia. Aliishi hivyo kwa miaka, akipika, akibishana, akilea wajukuu. Wanaodhani ugonjwa wa akili ndio uliomuua wasubiri, tunafika huko.

Mwaka 2019 aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mdogo wake anaishi ghorofa ya tatu isiyo na lifti, na ilihitajika watu wawili kumnyanyua. Watoto wake wako mbali kikazi. Familia ilizunguka na kuuliza, ikachagua nyumba moja ya matunzo kwa sababu ukutani, pale mapokezi, palikuwa na cheti cha Mamlaka chenye muhuri. Familia ilikiamini cheti. Ndiyo kazi ya cheti.

Haikuchukua muda kujua mambo yanavyokwenda. Mamlaka ikitaka kukagua, hupiga simu kwanza. Inataja siku, saa, na hata idadi ya wakaguzi watakaokunywa chai. Basi nyumba inalivalia njuga. Mashuka mapya yanatandikwa, mabakuli ya matunda yanawekwa mezani, na wakazi wenye midomo, wale ambao mkaguzi akiwauliza "Hamjambo?" wangeweza kumjibu ukweli, wanaongezewa dawa ya kutuliza asubuhi. Wakaguzi wanapita na kukuta utulivu. Wakiondoka, matunda yanarudi stoo. Mdogo wake marehemu aliwahi kumtembelea kesho yake akamkuta ulimi mzito, mate kifuani, hamtambui mtu. Muuguzi wa zamu alisema, "Ugonjwa umempanda." Ugonjwa gani huu unaopanda kila ukaguzi ukifika!

Mdogo wake alikwenda Mamlaka. Dirisha la kwanza lilimpeleka la pili, la pili likamrudisha la kwanza. Hatimaye karani mmoja akampokea, akasikiliza, akasema, "Mama, malalamiko yako tutayafikisha kwa uongozi wa nyumba." Wakayafikisha kweli, pamoja na jina la mlalamikaji! Kuanzia siku hiyo meneja alimwita msumbufu, na saa za kumwona mgonjwa zikapunguzwa.

Ndipo marehemu akaamua kulishughulikia mwenyewe. Muuguzi alipotoka, alijivuta na kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye simu ya ofisi. Hakupita dirishani. Alipiga makao makuu ya Mamlaka kwa ile sauti yake ya kazini: "Wizarani hapa. Niunganishie mkurugenzi, haraka tafadhali." Mkurugenzi akaja mbio kwenye simu, kwa jinsi alivyohema.

"Mimi ni mkazi wa nyumba mnayoikagua," akamwambia. "Mkija mnakuta tumelala kwa sababu tumelazwa. Njooni siku moja bila kupiga simu. Basi, ni hilo tu."

"Tutalifanyia kazi, mama," mkurugenzi akajibu.

Akalifanyia kazi. Alimpigia meneja kuuliza huyo bibi ni nani. Familia inayajua haya kwa sababu meneja mwenyewe aliyasema mbele ya mdogo wake marehemu, akicheka, kama mtu anayesimulia kituko cha mtoto. Mdogo wake hakucheka. Alianza kutafuta chumba cha kupanga ghorofa ya chini, na alikuwa amekipata, bado kupakwa rangi.

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, ilikuwa siku ya ukaguzi. Mwenzake wa chumba, mwalimu mstaafu ambaye pia ana mdomo, ametueleza yaliyotokea.

"Nilimwona muuguzi akikoroga dawa kwenye chai," alisema Mwalimu. "Bi Subiri akaniambia, 'Shoga, leo wanakuja wageni.' Akainywa. Ukikataa wanakushika watatu. Mimi nikanywa yangu. Baadaye nikamsikia anakoroma vibaya, kama mtu anayezama. Nikawaona wakaguzi mlangoni. Nilitaka kupiga kelele, ulimi ukagoma. Meneja akawaambia, 'Huyu hupenda kulala mchana.' Wakafunga mlango polepole, wasimwamshe."

Chakula cha mchana kilipoletwa, marehemu alikuwa amekwisha kata roho. Daktari aliyeupasua mwili aliiambia familia kwamba dawa iliyokutwa ndani yake ilikuwa nyingi mno, na kwamba mtu yeyote angemtikisa bega tu pale mlangoni, angejua kuna hatari. Hakuna aliyemtikisa. Taarifa ya ukaguzi imeshatoka, hata kabla ya mazishi haya, na nyumba imepewa daraja la juu. Kuhusu chumba cha marehemu imesema: "Mkazi mmoja alikutwa amepumzika kwa amani."

Kwa sababu hiyo familia inawaomba, waombolezaji, msimmwagie dada yetu maneno hayo leo. Yamekwisha kutumika juu yake akiwa hai, akihitaji daktari.

Marehemu ameacha mdogo wake, ndugu wawili wa kiume, binti na mwana, wajukuu, na wakwe. Ameacha pia Mwalimu, ambaye aliomba kuja kuzika akanyimwa ruhusa. Meneja alisema Mwalimu hajisikii vizuri. Mwalimu hana mtoto wala ndugu anayemjia, na mdomo wake bado unafanya kazi.

Ndugu mwakilishi, Ijumaa ofisi yako ilitangaza ukaguzi wa kufuatilia kifo hiki. Ni Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, na nyumba imeshaarifiwa. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi Mwalimu atapewa chai.

Leo ni Jumatatu. Binti wa marehemu ana gari hapo langoni na amekuwekea nafasi mbele. Udongo ukishajaa tunakwenda kumchukua Mwalimu, wewe ukiwemo au usiwemo. Chumba cha ghorofa ya chini kimeshapakwa rangi. Akishalala humo usiku wa kwanza na kuamka mwenyewe, tutarudi hapa kaburini kumwambia dada yetu apumzike.