Ripoti Yenye Jina Langu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu. Waheshimiwa wajumbe wa bodi. Ndugu wageni waalikwa. Wafanyakazi wenzangu wa kitengo cha mawasiliano ya anga. Mzee wetu, mume wa mstaafu, na wanao mlioketi hapo mbele. Na wewe mwenyewe, mama yetu unayestaafu leo, ambaye tangu nishike kipaza sauti unanitazama kama mtu anayeomba niwe mfupi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa dakika tano. Nitazitumia kusema jambo nililolinyamazia miaka kumi na mmoja.

Wageni wetu huenda mnajiuliza, huyu mama alifanya kazi gani hasa? Hajarusha chombo hata kimoja. Alikaa chumba cha mwisho kwenye korido ya ghorofa ya pili, chenye kompyuta tatu, feni inayokwaruza na sweta iliyotupiwa kitini, akijenga ndani ya kompyuta safari ambazo bado hazijafanyika: chombo pale, setilaiti ya kupokezana ujumbe hapa, antena za duniani kule. Akishajenga, anaanza kuharibu. Anazima antena hii, anaijaza setilaiti ile, aone kama neno la mwanaanga bado litafika nyumbani. Huo ndio uigaji: kuyatafuta matatizo kwenye kompyuta ili watu wasiyakute angani. Na akimaliza kujaribu, husema neno moja tu: “Tena.” Ndiyo maana vijana wanamwita Mama Tena. Analijua jina hilo, anajifanya halijui.

Miaka kumi na mmoja iliyopita tulikuwa tunaandaa safari ya wanaanga wanne, waende wakaishi siku arobaini upande ule wa mwezi usioonekana kutoka duniani. Huko huwezi kuongea na nyumbani moja kwa moja. Kila neno lazima lipitie kwenye setilaiti. Mpango wa mawasiliano yale niliuchora mimi. Niliumalizia wodini, karatasi zikiwa magotini, mke wangu amelala pembeni, mimba ya miezi sita ikitaka kuharibika. Nikapiga hesabu kana kwamba antena zote zitakuwa nzima siku zote. Nikapeleka.

Siku tisa kabla ya kikao cha bodi, mama akaniita.

“Mwanangu, njoo kidogo. Funga mlango.”

Alikuwa ameujaribu mpango wangu mara elfu nne. Mara thelathini na moja, antena moja ilipokuwa mbovu, setilaiti ilijaa picha za wanaanga zilizokosa njia ya kushuka duniani, ikaanza kutupa ujumbe wa zamani ili ipate nafasi. Na miongoni mwa uliotupwa, ulikuwamo wito wa kuomba msaada.

Nikabisha. Nikasema programu yake ndiyo yenye kasoro. Ndugu zangu, mmewahi kuona mtu mwenye aibu anavyopata ufasaha? Akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, akasema, “Haya. Tena.” Tukajaribu, majibu yale yale. Tukajaribu tena.

“Mama, nimekwisha. Watanifukuza.”

“Nani amekufa?”

“Hakuna.”

“Basi kaa. Wamekufa humu ndani ya kompyuta tu, na chumba hiki kimewekwa kwa kazi hiyo.” Akanisogezea kiti. “Mkeo anaendeleaje?”

Hapo nikalia, mtu mzima mimi, na yeye akageukia dirishani kama anayeangalia mvua. Nje palikuwa na jua kali.

Tulifanya kazi siku sita. Tukautengea ujumbe wa dharura njia yake, picha zisubiri. Siku ya kikao akanikabidhi ripoti. Ukurasa wa kwanza ulisema kasoro imegunduliwa na kurekebishwa na mtu mmoja: mimi.

“Mama, hii si kweli.”

“Nenda kaseme. Mimi wakianza maswali yao nachoka. Wewe una mtoto anakuja.”

Nikaenda. Nikasifiwa. Miaka miwili baadaye, kwa sababu ya ripoti ile, nikafanywa mkuu wa kitengo, yaani bosi wake. Kwa miaka tisa alinigongea mlango kuomba ruhusa, na hakuna siku aliyonitupia hata jicho la kunikumbusha.

Na safari yenyewe? Siku ya ishirini na tatu, antena moja ikakwama. Setilaiti ilikuwa imejaa picha. Saa ile ile, pampu ya hewa kwenye makazi ya wanaanga ikasimama. Wito wao ulifika baada ya sekunde nne. Mafundi wakawaelekeza, pampu ikawaka, na wote wanne wakarudi kwa watu wao.

Wiki iliyopita nilimwambia kwamba leo nitasema. Akawaka: “Usinichafulie sherehe yangu!” Mama, nisamehe, nimekuasi. Niliogopa nini miaka yote hiyo? Cheo? Macho ya watu? Kila nilipotaka kusema nilijiona nimechelewa, na kila mwaka nikazidi kuchelewa. Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, barua yangu iko mezani kwako tangu asubuhi. Naomba jina langu lifutwe kwenye ukurasa ule, liandikwe lake. Kama nastahili adhabu, niko tayari.

Lipo jambo moja zaidi. Mmoja wa wale wanaanga wanne tulimwalika leo, yuko safu ya tatu. Miaka yote hii ananishukuru mimi kila tunapokutana, na mimi napokea. Ameujua ukweli sasa hivi, pamoja nanyi.

Naona umesimama, ndugu yangu. Pita tu, watakupisha. Ni yule pale mbele, mwenye kilemba cha kijani, anayejifuta macho na kusingizia vumbi.

Mimi yangu yamekwisha. Ahsanteni nyote kwa kunivumilia.